Mdomo Haufungi Kisu

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Robo alisimama mbele ya meza ileile, na ukimuuliza kazi yake angekujibu, "Nakata," kisha anyamaze, maana kwake jibu limekwisha. Wenzake wanashona, wanapiga pasi, wanatandaza pamba, na kila mmoja anaweza kukueleza kazi yake mpaka uchoke. Yeye hana maelezo. Kitambaa kinamfikia kizima, kinaondoka vipande, na akikosea hapo katikati hakuna wa kumrekebishia.

Karakana yao inatengeneza mifarishi, yale mablanketi mazito ya tabaka tatu: juu vipande vya rangi rangi vilivyoungwa kwa mpango, katikati pamba, chini bitana. Mtu akiletewa mfarishi uliokamilika husifu rangi, akageuza akasifu mshono. Sijapata kusikia mtu akisifu ukataji. Na bado kila kitu kimesimama hapo. Mshono mmoja unakula robo inchi kila upande, na kipande kikizidi unywele tu, ukiunga vipande arobaini kwenye mstari mmoja, ule unywele umeshakuwa kidole kizima na mfarishi umekataa kulala sawa. Ndiyo maana alikuwa akiwapigia kelele washonaji, "Robo! Si robo na kitu!" Wakamwita Bi Robo, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa sababu jina lake halisi walikuwa wamelisahau.

Alikuwa anakata kwa kisu cha gurudumu. Ni mpini unaojaa kiganjani, na mbele yake kuna wembe wa mviringo unaobingirika juu ya kitambaa kama tairi. Kwa mkasi fundi mzuri anakata tabaka mbili na kulalamika mkono. Kwa kisu hiki Bi Robo alikata nne kwa mpigo, zikatoka zote pacha. Alisimama, hakukaa kamwe, kwa sababu anayekata amekaa anasukuma kwa kiwiko na mstari unakwenda unakotaka. Mkono wa kushoto aliukandamiza juu ya rula nene ya plastiki, vidole vimetanuka, kile kidogo amekishusha nje ya rula ili kishike kitambaa, rula isiteleze. Alikata kwenda mbele, kisu kikimkimbia yeye mwenyewe, wala si kuvuta kuja tumboni. Akifika usawa wa vidole vyake alisimamisha kisu bila kukiinua, akatembeza mkono wa kushoto juu kidogo, akaendelea. Wembe ukianza kuruka nyuzi hakuongeza nguvu. Aliubadilisha, na ule mkuukuu akautia kwenye kopo la maziwa lililozibwa na kutobolewa tundu jembamba juu, ili asije mzoa taka akalipa kwa vidole uvivu wa watu wengine.

Alipenda pia kuwaonyesha wageni jambo moja, na hapo pekee ndipo alipokuwa na maneno. Alikunja kitambaa mara mbili ovyo ovyo, akakata utepe, akaufungua. Kwenye mkunjo utepe ulikuwa umevunjika, una kiwiko kama mkono wa mtu. "Unaona? Kisu kilikwenda sawa, rula ilikaa sawa. Aliyekosea ni aliyekunja." Kisha akakunja upya, mstari wa rula akaulaza juu ya mkunjo wenyewe, akakata, na utepe ukatoka umenyooka.

Kisu hiki kina dhambi moja. Wembe wake hauchagui. Kuna kinga ya plastiki inayoufunika, unaisukuma kwa kidole gumba mpaka inase, na kama hukuisukuma basi umeacha mezani kitu kisichotofautisha pamba na nyama. Katika mwaka wake wa pili mshonaji mmoja alipitisha mkono juu ya meza kuchukua pini, akakuta kisu kiko wazi. Ulikatika mshipa wa kidole gumba. Yule mama hakushika sindano tena. Anauza mboga mtaa wa pili, na akikuchagulia nyanya anatumia vidole vinne.

Baada ya siku ile Bi Robo alimwendea mwenye karakana, mwanamke mpole asiyependa makelele, akamwomba sheria. Mkataji afunge kisu kabla mkono haujaachia mpini, na akifunga aseme kwa sauti, "Nimefunga," wote wasikie. Atakayeacha kisu wazi ataondoka kwenye meza ya kukatia moja kwa moja, aende kwenye pasi. Hakuna onyo, hakuna samahani, hakuna "ni bahati mbaya". Mwenye karakana aliona ni kali, lakini damu ilikuwa bado haijatoka kwenye mbao za sakafu, akakubali.

Tangu hapo "nimefunga" ikawa sehemu ya sauti za nyumba ile, pamoja na cherehani na mvuke wa pasi. Husikii ikisemwa. Ungesikia tu kama ingekosekana.

Wa kwanza kukamatwa na sheria alikubali bila neno. Wa pili alilia siku mbili, akazoea. Wa tatu, miaka sita iliyopita, alikuwa wifi yake Bi Robo, mdogo wake mumewe, tumbo moja. Na hapo ndipo sheria ilipoingia mpaka sebuleni.

Lazima niseme kwamba mawifi hawa hawakuanza vizuri. Wakati wa posa wifi alikuwa amesema, mbele za watu, kwamba kaka yake anaoa mwanamke asiyejua kucheka. Ni kweli Bi Robo hajui kucheka, lakini ukweli mwingine haupendezi kusemewa kwenye posa. Miaka ikapita, wakaja kufanya kazi meza moja, na wifi akawa mkataji hodari kuliko ilivyotarajiwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa kasi. Ukitaka ukweli wote, alikuwa karibu kumpita mwalimu wake, na Bi Robo alilijua hilo kabla ya mtu mwingine.

Kisha siku moja Bi Robo aliinua kipande cha kitambaa chekundu na chini yake akakuta kisu cha wifi, kinga imerudi nyuma, wembe uko nje. Alikinyanyua juu kila mtu akione.

"Mimi nilisema nimefunga!" wifi alipiga kelele. "Si mlinisikia? Jamani, si mlinisikia wote?"

Walikuwa wamemsikia. Washonaji wawili walisema hivyo.

"Mdomo haufungi kisu," Bi Robo akasema.

Jioni ileile wifi akahamia kwenye pasi. Ukoo mzima ulikuwa na la kusema. Shangazi mmoja alisema, "Ya posa yamelipwa." Mwingine akasema mkubwa akiona anapitwa hutafuta sheria. Bi Robo alijibu wote kwa sentensi moja: "Ni sheria, si mimi." Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa kusikiliza kuliko kusema, hakumuuliza. Lakini Bi Robo aliona kwamba hamuulizi, na jambo hilo lilimuuma kuliko maneno ya mashangazi wote.

Kwa miaka sita wifi alimletea vitambaa vilivyopigwa pasi, akaviweka, akaondoka. Walizungumza vipimo. "Mita nane." "Weka." Basi. Nyumbani kwenye shughuli walipeana vikombe na kuulizana hali za watoto, kila mmoja na adabu zake zote, na adabu ya namna hiyo inachosha kuliko ugomvi.

Jumanne moja, asubuhi, karakana ikiwa na oda ya mifarishi ya wodi ya watoto, Bi Robo alimaliza kukata tepe nyeupe, akaweka kisu chini, akasema, "Nimefunga," akageuka kuchukua rula ndogo. Wifi akaja na rundo la vitambaa kifuani. Alipolitua mezani kitambaa cha juu kikaanza kuteleza, akakikinga kwa ubavu wa kiganja. Kisha akasema "Aa," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Damu ilikuwa nyingi. Ilienda kwenye zile tepe nyeupe, ikazipitia zote nne. Mwenye karakana alimfunga mkono kwa bitana, Shoto akamsindikiza zahanati. Shoto ni mkataji wa pili wa karakana, anayekatia mkono wa kushoto na kisu chake kimegeuzwa wembe upande wa pili, kwa hiyo hakukuwa na swali lolote kisu kile kilikuwa cha nani.

Swali lilikuwa jingine. "Bi Robo, ulifunga?" mwenye karakana aliuliza.

"Nilifunga."

"Tulimsikia," washonaji wakasema. "Alisema. Sote tulimsikia."

Na kwa kuwa Bi Robo hakupata kuacha kisu wazi kwa miaka yote hiyo, jambo lilijieleza lenyewe. Rundo limeburuta kinga. Mtu hawezi kutua mzigo mahali penye kisu. Wifi aliporudi mchana, nyuzi saba chini ya kidole kidogo, alikuta kesi imeshahukumiwa: kuanzia sasa vitambaa vya pasi vinawekwa kwenye kiti, si mezani. Mwenye karakana alimweleza kwa upole mkubwa, na upole ule haukubadilisha maana. Aliyekatwa ndiye aliyekosea.

Wifi aliutazama mkono wake uliofungwa. "Yule muuguzi ameshona amepinda," alisema. "Hapa tungemfumulisha." Watu wakacheka kwa kupumua. Halafu akamgeukia Bi Robo, bila hasira, kana kwamba anauliza saa. "Kumbe siku hizi mdomo unafunga."

Bi Robo akashika rula yake, akaanza kuifuta. Alikuwa na jibu, kwamba alifunga kweli, na aliliamini.

Nyumbani alimweleza mumewe, naye aliendelea kupaka grisi mnyororo wa baiskeli ya jirani.

"Na wewe ulikiona?" akauliza hatimaye.

"Kuona nini?"

"Kisu. Ulikiona kimefungwa, au ulisikia?"

"Nilisema mwenyewe, nitasikiaje?"

"Haya," akasema mumewe, akarudi kwenye mnyororo wake.

Kuna watu wanaojua kukuharibia usingizi kwa neno moja, na wengi wao wanaonekana wapole.

Kesho yake Bi Robo alifika kabla ya wenzake, akafungua kwa ufunguo wa akiba, akasimama mezani pake. Alichukua makapi ya kitambaa, akalaza rula, akakata. Akaweka kisu chini. "Nimefunga," akasema kwenye chumba kitupu, na safari hii akatazama.

Kimefungwa. Akakata tena. Kimefungwa. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, kimefungwa, na moyo ukaanza kumtulia, na hata akaanza kumkasirikia mumewe. Mara ya sita kinga ilikwenda mbele, ikafika karibu na pale inaponasa, ikasita, ikarudi nyuma taratibu bila sauti. Wembe ulikuwa nje wote. Yeye alikuwa ameshasema.

Alikata mara ishirini. Mara nne kisu kilibaki wazi, na mara zote nne alisema kimefungwa, kwa sauti ileile, kwa imani ileile. Akaweka kisu, akakitazama kidole chake gumba. Fundo lilikuwa limevimba. Alijua kwamba linauma asubuhi za baridi, nani haumwi? Hakujua kwamba halisukumi tena mpaka mwisho. Kidole kilikuwa kimeanza kuzeeka peke yake bila kumwambia, na mdomo ulikuwa unamtolea ushahidi wa uongo kila siku, labda mwezi, labda mwaka. Mazoea yana taabu. Alikuwa ameitunga ile kauli ili watu wafunge, na sasa watu walikuwa wanasema badala ya kufunga, yeye wa kwanza.

Ndipo akamkumbuka wifi yake akipiga kelele, "Si mlinisikia?" Kwa miaka sita alikuwa amechukulia kwamba yule anadanganya. Hakudanganya. Alikuwa amesema kweli tupu kuhusu mdomo wake.

Hakuna aliyemwona. Hili lazima lieleweke. Angeweza kununua kisu cha aina mpya, kinachojifunga chenyewe ukiachia mpini, akasema kidole kinamuuma, na wote wangempa pole. Meza ingebaki yake. Alilifikiria, sitamsingizia utakatifu. Alilifikiria mpaka akasikia ufunguo wa mwenye karakana mlangoni, na hata baada ya hapo alilifikiria kidogo.

Walipoingia wote aliwaomba wasikae. Akakata mara moja, akasema "Nimefunga," akawaonyesha. Kimefungwa. Akakata tena. Ilibidi afanye hivyo mara saba, na watu walishaanza kutazamana, wakidhani mama wa watu amechanganyikiwa, ndipo kinga ikarudi nyuma mbele ya macho yao.

"Ndivyo ilivyokuwa jana," akasema. "Rundo halikuburuta kitu. Niliacha wazi. Nakwenda kwenye pasi."

Kelele iliyofuata ilikuwa ya huruma. Mwenye karakana alisema hilo ni gonjwa, si kosa. Shoto alisema yeye hawezi kukata oda nzima peke yake, na watoto wa wodini wana kosa gani? Mshonaji mmoja alisema sheria ni ya zamani, wakati ule hawakuwa na uzoefu, basi ilegezwe sasa, anunuliwe kile kisu kipya, yaishe. Wote wakakubaliana kwa kasi ambayo miaka sita nyuma haikuonekana. Bi Robo alisikia jinsi anavyopendwa, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Aulizwe aliyekatwa," akasema mwenye karakana, akiwa na hakika ya jibu. Mtu mwenye nyuzi saba mkononi, mbele ya wenzake, na aliyemkata ni wa ukoo wake mwenyewe, atasema nini zaidi ya nimesamehe?

Wifi alikuwa amesimama kwenye pasi, mkono mmoja umefungwa, wa pili uko juu ya meza. Hakuharakisha.

"Aje huku," akasema.

"Ah, wifi mtu!" mshonaji mmoja akamaka. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu? Mwenzio anaumwa!"

"Nimesikia anaumwa. Pole yake, na nitampa dawa ya kuchua. Lakini aje huku." Sauti ilimtetemeka sasa, akaiacha itetemeke. "Mlisema sheria ni msumeno. Mimi ilinikata, sikukataa. Miaka sita nimesimama hapa najiambia, ni sheria, si yeye. Watu wananiambia ulionewa, wifi yako hakupendi, nawajibu, hapana, ni sheria. Sasa leo ikimruka yeye, basi haikuwa sheria. Basi nilikuwa nachukiwa tu. Na mimi sitaki kuwa nilichukiwa."

Cherehani moja iliyoachwa ikizunguka ilizimwa.

Bi Robo alikuwa hajawahi kujua kwamba sentensi yake ile, aliyowajibu mashangazi, ilikuwa na mtu mwingine anayeitumia. Alidhani anajitetea peke yake. Kumbe kulikuwa na mtu wa pili upande wake, siku zote, hatua chache kutoka alipo, na hakupata kumgeukia. Alitaka kusema hilo. Lakini mdomo wake alikuwa ameshaanza kuutilia shaka tangu asubuhi.

Alichukua kisu, akakifunga kwa mikono yote miwili, akakitazama kimefungwa, akampa Shoto. Akavua aproni ya mkataji yenye mfuko wa rula. Akavuka chumba, hatua sita au saba, akasimama upande wa pili wa meza ya pasi mbele ya wifi yake, mikono imemning'inia, hajui aanze na nini.

Wifi alimsogezea kitambaa kilichokunjamana. "Usiburute," akasema. "Ukiburuta kinavutika, na huko mbele watakata pembe zisizo pembe. Shusha, inua. Shusha, inua."

Bi Robo akashusha, akainua. Mvuke ukampanda usoni, na kwa kuwa ni mvuke, hakulazimika kumweleza mtu yeyote kwa nini anajifuta macho.